Kijana alivyoiongezea kasi kompyuta ya duka, ikagoma kuwaka siku nne kabla ya mgao

Jumanne ile nilifungua duka saa mbili kasoro kama kawaida. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, mvua ya Desemba imeacha matope hadi mlangoni, na wazazi watatu walikuwa wananisubiri na simu zao mkononi. Kila mmoja alitaka kuchapiwa fomu ya mtoto wake ya kujiunga na kidato cha kwanza. Nikabonyeza kitufe cha kompyuta. Feni zikazunguka, taa ya mbele ikawaka, monita ikabaki nyeusi. Baada ya sekunde chache ikajizima yenyewe. Ikajiwasha. Ikajizima tena. Nikasimama pale naiangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa anayefumba na kufumbua macho.

Wazazi nikawaelekeza steshenari ya jirani. Hela ya siku ikaenda kwa jirani.

Lakini msomaji wangu, fomu za shule hazikunitisha kama jambo moja nililolikumbuka baada ya wale wazazi kuondoka. Mimi ni katibu wa kikoba. Tuko wanawake 26 hapa Tunduma: mama lishe, wauza nguo, wauza mchele, na wengine wanaovuka kila siku kwenda Nakonde upande wa Zambia kutafuta riziki. Hisa za kila mwanachama zimeandikwa kwenye kitabu chake, hilo halina shida. Shida ni mikopo, marejesho, riba na faini. Tangu Machi nilikuwa nimeacha daftari na kuviingiza vyote kwenye Excel, na nilijisifu sana kwa hilo kwenye kikao. Mgao ulipangwa Jumamosi. Wenzangu walikuwa wameshapigia hesabu ile hela: ada za shule, bati, sikukuu. Na faili lilikuwa ndani ya boksi linalojiwasha na kujizima.

Mume wangu akasema ni umeme. Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili. Nyumbani kwetu kila kitu kikiharibika wa kwanza kulaumiwa ni umeme, na mara nyingi tunakuwa sahihi. Akashauri tuichomoe, tuiache ipumzike usiku kucha. Tukaiacha. Asubuhi ikafanya yale yale.

Jumatano nikamwita fundi. Akabonyeza kitufe mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, mazabodi imekufa. Na prosesa nayo huenda imeungua." Alikuwa nazo za mtumba, laki mbili na nusu kwa vyote, na baada ya hapo angetupigia Windows upya. Nikamuuliza, na mafaili je? Akanijibu, "Hayo mama uyasahau."

Simlaumu sana. Aliniuliza swali moja la maana: kuna mtu aliyeigusa jana yake? Nikajibu hakuna. Nilijibu kwa uhakika kabisa, uhakika wa mtu asiyejua. Kijana wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, anakunja waya wa kibodi na kuukunjua.

Usiku ule hakula. Nikiwa nasonga ugali wa baba yake aliyechelewa kurudi, akaja akasimama mlangoni mwa jiko. "Mama, ile kompyuta niliichezea mimi."

Ana miaka 18, alikuwa ametoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliotangulia. Wakati anasubiri matokeo anahariri video za sendofu na kipaimara, na duka likifungwa namwachia kompyuta. Kazi ile ni nzito. Video ya saa moja unaiacha ikipika hadi usiku wa manane. Akaona YouTube kwamba prosesa ya kompyuta yetu inaweza kuongezewa kasi bila kununua chochote. Akajaribu, ikakubali, video ikaisha mapema. Jumatatu usiku akaongeza zaidi. Haikuwaka tena.

Nilikuwa na mwiko mkononi, na sitaficha kwamba niliuinua. Nikaushusha kwa sababu nilikumbuka neno la fundi, yafaili uyasahau, na hapohapo nikaelewa kwamba huyu mtoto ndiye mtu pekee mjini anayejua nini kilitokea. Nikampa karatasi na kalamu. Andika kila ulichobadilisha. Akaniambia si lazima, alipiga picha kwa simu kabla hajahifadhi.

Kwa nini alinyamaza siku mbili nzima? Mwaka juzi alipasua kioo cha simu ya baba yake na akaja kusema mwenyewe. Alichapwa, akanyimwa simu muhula mzima. Mtoto naye hufanya hesabu zake.

Sasa nieleze alichofanya, kwa maneno niliyoelezwa mimi. Prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote. (Boksi zima tunaloliita "CPU" hapa mtaani, fundi wa pili alinisahihisha: CPU ni prosesa peke yake, boksi ni boksi.) Inafanya kazi kwa mapigo, kama ngoma. Ya kwetu ni Intel Core i5-2500K, iliyoingia sokoni Januari 2011. Kiwandani imepangiwa mapigo bilioni 3.3 kwa sekunde, yaani gigahezi 3.3. Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha: mapigo ya msingi megahezi 100 mara 33. Herufi K mwishoni maana yake kiwanda kimeacha kile kizidisho wazi, mwenye mashine akitaka anaweza kukibadilisha. Kijana alianza na 42, ikaenda vizuri. Badala ya kujaribu 43, akaruka hadi 50, kwa sababu gigahezi 5 inasikika vizuri. Volti akaipandisha kidogo hadi 1.35.

Fundi wa pili alinifanyia hesabu nyuma ya risiti. Umeme ambao prosesa inakula, na joto inalotoa, hupanda sambamba na mapigo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Kutoka 33 hadi 50 ni mara moja na nusu. Volti ikitoka 1.2 kwenda 1.35, mraba wake ni karibu mara 1.27. Zidisha: joto linakaribia mara mbili. Na kipoza joto ni kile kidogo cha kiwandani, tena kimejaa vumbi la barabara ya malori. Wale wanaoshindania rekodi za kasi duniani humwagia prosesa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Sisi tulikuwa na feni moja.

Hata hivyo si joto lililoizuia kuwaka. Prosesa ikizidi joto hujipunguzia kasi yenyewe, na ikifika mbali hujizima kabla haijaungua. Iliyogoma ni ile kasi. Mapigo yakiwa ya haraka mno kwa volti iliyopo, saketi za ndani hazimalizi kazi moja kabla ya nyingine kufika. Chukulia mpakiaji wa magunia anayetupiwa la pili wakati la kwanza bado liko begani. Prosesa inakosea hesabu mwanzoni kabisa, kabla haijaamsha hata monita. Ndiyo maana hakuna maandishi, hakuna onyo, weusi tu. Na kwa kuwa monita haiwaki, huwezi kuingia tena kwenye mipangilio ukarudishe ulichobadilisha. Umefunga mlango ukaacha ufunguo ndani.

Na kuiacha ipumzike usiku kucha hakukusaidia kwa sababu ile mipangilio haifutiki umeme ukizimwa. Inatunzwa kwenye kumbukumbu ndogo iliyo kwenye mazabodi, na inayoilisha ni betri ndogo ya duara kama sarafu. Betri hiyohiyo ndiyo inayofanya kompyuta ijue saa hata ikikaa wiki bila umeme. Kumbe tulikuwa tunalala na kuamka, na betri inatutunzia lile kosa salama salmini.

Alhamisi tukabeba boksi hadi kwa kijana mmoja anayetengeneza simu na kompyuta karibu na stendi. "Shikamoo mama." Marahaba. Kabla hajaligusa akamgeukia mwanangu: "Ulibadilisha nini?" Mwanangu akamwonyesha ile picha. Fundi akacheka, si kwa dharau. "Hamsini! Ulitaka kwenda nayo Kapiri Mposhi?"

Alichofanya kilichukua kama robo saa. Akachomoa waya wa umeme kabisa, si kuzima swichi tu, kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Akashika chuma cha boksi kwanza kuondoa umeme tuli wa mwilini, kwa sababu huo nao unaua vifaa. Akachomoa ile betri na kuiweka pembeni dakika kumi. Kwenye mazabodi yenyewe akatuonyesha pini mbili zenye maandishi ya kufuta mipangilio. Akazigusanisha kwa ncha ya bisibisi kwa muda mfupi. Njia moja kati ya hizo mbili kwa kawaida inatosha, yeye alifanya zote. Bodi nyingine mpya zina kitufe maalumu nyuma, na nyingine zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hujirudisha zenyewe kwenye kasi ya kiwandani. Ya kwetu ni ya zamani, ikatusubiri sisi.

Betri alipoipima ilikuwa imechoka, akamtuma mwanangu akanunue nyingine. Imeandikwa CR2032: 20 ni upana wake kwa milimita, 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Unaweza kuhangaika nayo madukani, ila hapa kwetu wanaouza betri za rimoti za magari wanayo, maana madereva wa magari ya IT yanayopita kwenda Zambia na Kongo huwa wateja wao. Shilingi elfu mbili.

Kabla ya kuwasha alipunguza mzigo. Kati ya ramu mbili akaacha moja. Akachomoa vyote vya ziada vilivyochomekwa nyuma na kuacha monita na kibodi. Akawasha. Monita ikawaka na maneno meupe ya kusema mipangilio imefutika, bonyeza F1 kuendelea. Mwanangu alikaa chini kwenye kreti la soda.

Mimi nikashukuru mapema mno. Nembo ya Windows ilitokea, ikazunguka kidogo, kisha monita nzima ikawa ya bluu na mashine ikajiwasha upya. Ikarudia. Mume wangu, aliyekuwa amefika akitokea kazini, akasema, basi yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi, tupige Windows upya yaishe.

"Baba, tusipige kwanza," fundi akasema. Hapa ndipo nataka msomaji mwenye kompyuta ya ofisi au ya duka anisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo faili la wanawake 26 lilitaka kupotea, wakati kompyuta ilikuwa imeshapona. Unapofuta mipangilio hufuti kasi peke yake. Unafuta yote, pamoja na namna mazabodi inavyozungumza na diski. Kuna namna mbili, zimeandikwa kwa kifupi AHCI na IDE. Kama Windows iliwekwa mashine ikiwa kwenye moja, na baada ya kufuta ikarudi kwenye nyingine, Windows haitaiona diski yake na italeta ule ubluu. Diski ni nzima, mafaili ni mazima, lugha tu imebadilika. Fundi mwenye haraka ataona bluu, ataingiza flashi ya Windows na kufuta kila kitu.

Akauliza nani aliiweka Windows. Ni mjomba wake kijana, yuko Mbeya, ndiye aliyeiunga mashine yenyewe kwa vipande vya mtumba. Tukampigia. Alikumbuka: AHCI. Fundi akaingia kwenye bayosi, mahali penye mipangilio ya diski, na kweli ilikuwa imerudi kwenye IDE. Akabadilisha, akahifadhi, akawasha.

Windows ikafunguka, ikituonyesha picha ya binti yangu wa mwisho na mbuzi wa jirani.

Hatukufungua kitu kingine chochote. Fundi akachomeka flashi, akaniambia mama nakili kwanza, mengine baadaye. Nikanakili faili la kikoba, nikalifungua kwenye kompyuta yake kuhakikisha linafunguka, nikahesabu mistari. Yote yalikuwepo, hadi faini ya wiki iliyopita ya aliyechelewa kikao (ni mimi). Kumbe hata kama mazabodi na prosesa zingekuwa zimekufa kweli, mafaili hayakai humo. Yanakaa kwenye diski, na diski unaweza kuichomoa ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine ukayachukua. Laiti ningelijua hilo Jumanne, ningelala usingizi.

Tulipofika dukani tukapata kioja cha mwisho. Tovuti zote zilikataa kufunguka, kivinjari kinasema hazina usalama. Kalenda ya kompyuta ilikuwa inasoma mwaka 2011. Tovuti hizi huthibitishwa kwa vyeti vyenye tarehe, na kompyuta iliyo mwaka 2011 inaviona vyeti vyote havijaanza kazi. Tukaweka tarehe na saa sahihi, fomu za shule zikafunguka.

Nimeulizwa na wenzangu wa mtaani, na ikigoma hata baada ya kufuta mipangilio? Nilimuuliza fundi hilo swali. Alisema aanze na rahisi. Achomoe ramu na kuirudisha vizuri, ajaribu moja moja na kila tundu. Aangalie ile nyaya ya pili ya umeme inayoingia karibu na prosesa, wengi huisahau. Aazime pawa saplai inayojulikana ni nzima, maana prosesa inayokula umeme mara mbili huenda imeichosha pawa saplai dhaifu. Mwisho kabisa ndipo aifungue prosesa yenyewe, asafishe pesti iliyokauka, na aangalie pini za kwenye soketi kama kuna iliyopinda, kwa uangalifu, maana kwa Intel za aina hii pini ziko kwenye mazabodi na ni nyembamba kama unywele. Mazabodi haihukumiwi kufa mpaka hayo yamepita. Kompyuta ikikosa ramu nyingi hupiga milio kama ina kispika kidogo. Milio hiyo ni dalili, japo kila kiwanda kina lugha yake.

Na wengi wetu hapa tunatumia kompyuta za mtumba za ofisini, Dell na HP. Nyingi ya hizo prosesa zake hazina ile K, na bayosi yake haina mahali pa kuongeza kasi. Ya kwako ikigoma kuwaka usimshuke kijana wako kwa kosa hili. Angalia ramu, vumbi na umeme. Kwa laptopu betri hiyo imefichwa ndani, usiifungue kama hujawahi.

Je, kuongeza kasi ni kosa? Fundi anasema si kosa kwa mashine inayoruhusu, ila hupandi ngazi kwa kuruka. Kizidisho kimoja, unawasha, unaipa kazi nzito nusu saa huku programu inakuonyesha joto, ndipo unaongeza kingine. Volti ndiyo ya kuogopa kuliko namba, maana ikizidi inaila prosesa polepole hata kama leo inawaka. Na kabla ya yote unanakili mafaili, kwa sababu mashine inayokosea hesabu inaweza kuandika makosa kwenye diski bila kukuambia. Mimi nilimwuliza mwanangu kitu kimoja tu: kwa nini kwenye kompyuta ya duka? Akasema ndiyo pekee tuliyonayo. Sikuwa na jibu.

Baba yake hakumchapa. Walikaa nje ya duka jioni ile, sikusikia walichoongea, nilisikia tu mume wangu akiuliza, "Kwa hiyo hiyo K ndiyo inaruhusu?" Fundi wa stendi alichukua elfu kumi na tano.

Jumamosi tulifanya mgao kama ulivyopangwa. Niliwasomea kutoka kwenye karatasi nilizochapa, na faili sasa liko sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi ya mweka hazina, na kwenye simu yangu. Pembeni ya boksi mwanangu amebandika karatasi yenye namba za bayosi zote, pamoja na AHCI kwa herufi kubwa. Kizidisho kimerudi 33. Juzi aliomba ruhusa akipeleke 40, na kipoza joto kikubwa atanunua mwenyewe kwa hela ya sendofu. Baba yake amesema alete kwanza hicho kipoza joto, waone.